Laini

Shuleni Hombolo, kidato cha pili,
Mwalimu Sekwao aliandika neno moja la Kiingereza,
herufi nne tu, akaligonga kwa chaki:
"Laini. Maana yake?"
Nikasimama wa kwanza, kimbelembele changu:
"Kitu kisicho kigumu, mwalimu. Kama uji wa mgonjwa."
Darasa zima likaangua kicheko.
Nikala viboko viwili vya kiganja,
na jibu likaandikwa ubaoni: mstari.
Mstari, basi. Tukafunga madaftari.

Sasa nina mwavuli uliochanika ubavu mmoja,
kiti cha plastiki, kimashine cha kusoma vidole.
Siku ya mnada nasajili laini,
na kila anayenijia ana yake kichwani.
Wa bodaboda ataka laini yenye bando la usiku.
Fundi umeme aniuliza mimi, eti,
laini kubwa imerudi au bado?
Kule bombani ndoo zagongana:
"We Mbeleje, toka kwenye laini yangu,
nimelaza dumu hapa tangu jogoo la kwanza!"
Na yule mpima ardhi aliyeshuka jana kutoka mjini,
buti jekundu kwa vumbi letu,
avuta kamba, amwaga chokaa,
aonyesha kwa kidole: laini ya barabara ni hii.
Ndiyo, mama. Inapita jikoni.

Saa nane akaja Nyendo Chilewa.
"Mbukwa," nikamwamkia. Akaketi bila kujibu.
Akasema ana laini kumi na nne za mizabibu,
ya tano imeliwa na mchwa,
na chokaa ya yule kijana imekata tisa.
"Nipe laini nimpigie Enosi, yuko Manyoni kwenye reli.
Aje asimame juu ya hiyo laini
tuone nani ataivuka."

Nikachukua gumba lake la kulia, nikalibonyeza kwenye kioo.
Jaribu tena.
Cha shahada. Jaribu tena.
Cha kati, cha pete. Jaribu tena, jaribu tena,
mashine haina adabu kwa wakubwa.
Nikamfuta kwa pindo la khanga yake mwenyewe,
nikageuza kiganja juani, nikainama.
Pembeni, gome.
Katikati, palipotakiwa pawe na ile mizunguko
ambayo serikali inamjua mtu kwayo,
hapana kitu.
Mpini umekula. Jiwe la kusagia uwele limekula.
Waya wa mizabibu, miaka thelathini, umekula.
Pameng'aa kama sarafu ya zamani.
Palikuwa laini.

Mwalimu Sekwao, popote ulipo,
naomba ile chaki dakika moja.
Kidole kisicho na laini
ndicho kilicho laini, na mwenye nacho
hapewi laini.
Nichape tena kama nimekosea.

"Mbona umenyamaza?" akaniuliza.
Nikamwambia, bibi, mistari imefutika.
"Mistari ni ya daftari," akasema, "mimi sikusoma.
Jaribu hiki."
Kidole cha mwisho, cha kushoto,
kile ambacho jembe halikukihitaji.
Tone la mafuta ya alizeti. Nikabonyeza.
Taa ya kijani.
Wa bodaboda akapiga makofi, mjinga yule.

Ikaita mara ya tatu ndipo Enosi akapokea.
Nilijua atafoka. Nyuso za mizabibu tisa
zilikuwa kwenye paji lake la uso.
Hakufoka.
"Umekula?" akamuuliza,
kwa sauti laini, hata nikatazama pembeni.
Kisha upepo, kisha kukatika,
kisha "haloo, haloo" kwa jua na mbuzi.

Alinilipa kwa noti moja na kishada kichanga, kikali.
Jioni nikakunja mwavuli.
Upepo ulikuwa umeanza kazi yake ya kila siku,
ukiisogeza ile chokaa taratibu
kutoka jikoni, kuelekea korongoni.
Mpima alikuwa amelala ndani ya gari, mlango wazi.
Sikumwamsha.